Mkono Usiobadilika: Wachoraji wa Hadithi za Picha Tanzania Walivyopatikana na Kupimwa, Kutazamwa kutoka Kibaoni

Kibaoni iko Mpimbwe, wilayani Mlele, kusini mwa Mkoa wa Katavi, kando ya barabara inayotoka Sumbawanga kupitia Kizi na kuendelea hadi Sitalike na Mpanda. Mkoa wenyewe bado mchanga, kwa kuwa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Watanzania wengi wanaifahamu Kibaoni kama nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Katika historia ya uchoraji wa hadithi, hata hivyo, umuhimu wa eneo hili ni wa namna nyingine: ni mahali palipokuwa mwishoni kabisa mwa safari ya gazeti. Magazeti na majarida yalichapishwa Dar es Salaam, yakapanda treni ya reli ya kati hadi Tabora, yakaingia tawi la Kaliua na kufika Mpanda (tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi), na kutoka hapo yalitegemea lori au basi. Mchoro uliomaliza safari hiyo ulifika ukiwa peke yake, bila mhariri wa kuufafanua, na mtu aliyeufungua ndiye aliyekuwa mtahini wa mwisho wa mchoraji.

Kumtafuta na kumpima mchoraji wa riwaya ya picha, yaani kisa kirefu chenye mwanzo na mwisho kinachosimuliwa kwa mfuatano wa michoro na maneno, ni jambo ambalo katika nchi nyingi zenye tasnia kubwa ya vitabu vya aina hiyo lina utaratibu wake: mwandishi huandika muswada, mchapishaji hupitia majalada ya kazi za wachoraji, na wale wachache wanaobaki huombwa kurasa za jaribio. Tanzania utaratibu huo ulichelewa sana, na haukuwahi kuwa njia kuu. Mchoraji alipatikana akiwa tayari anachora gazetini, na alipimwa kwa mambo mawili yaliyotangulia uzuri wa mchoro: kama mhusika wake alitambulika toleo baada ya toleo, na kama kurasa zake zilifika mtamboni kwa wakati. Anayezitazama kazi za zamani kwa jicho la shule ya sanaa huweza kuwadharau wachoraji hao kwa mistari yao mikavu na mandhari zao tupu, lakini dharau hiyo inatokana na kupima kitu kisichokuwa kikipimwa.

Mazoea ya kusoma picha kwa mfuatano yalitangulia gazeti. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 ngome hiyo ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe. Popote Ukatoliki ulipotia mizizi, kanisa lilikuwa na Njia ya Msalaba, mfululizo wa vituo kumi na vinne ambao muumini huupitia kwa utaratibu, akisimama mbele ya kila picha kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Huo si uchoraji wa katuni, na si lazima kudai kwamba mmoja uliuzaa mwingine; lakini unadai kwa msomaji mambo yale yale ambayo hadithi ya picha inayadai, yaani kujua kwamba mtu aliye katika kituo cha tatu ndiye yule yule wa kituo cha tisa ingawa amebadilika mkao, na kwamba kati ya picha mbili kuna muda uliopita ambao haukuchorwa.

Serikali ya kikoloni haikuamini kwamba watazamaji wake wangeweza kusoma picha hivyo. Jaribio la filamu za elimu lililofanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, liliendeshwa katika zama ambazo maofisa wengi waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini angechanganyikiwa na picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo alihitaji filamu za polepole zilizotengenezwa kwa ajili yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, liliweka mkazo zaidi kwenye maneno, barua, mashairi na habari, ingawa katika miaka ya mwisho ya ukoloni lilibeba pia visa vifupi vya picha vya kuchekesha. Upande wa Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika magazeti ya Taifa kwa miongo kadhaa, na kudumu huko kwenyewe ni ushahidi kuhusu sifa iliyothaminiwa: msomaji wa Kiswahili hakuchoshwa na mhusika mmoja, mradi mhusika huyo abaki yeye.

Baada ya uhuru, mtafutaji mkuu wa wachoraji akawa chama. Uhuru, gazeti la TANU lililoanzishwa mwaka 1961, ndilo lililomtoa Christian Gregory na mhusika wake Chakubanga, aliyeanza kuonekana mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mchoraji wa gazeti la chama alipimwa kwa mizani ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu alitakiwa kuwacheka wavivu, walevi, walanguzi na viongozi wadogo wenye majivuno bila kuonekana anaucheka mwelekeo wa nchi, na kufanya hivyo ndani ya kisanduku kimoja au viwili ambavyo mtu aliyejua kusoma kwa shida angeweza kuvimaliza. Hadhira ya namna hiyo ilikuwa ikiongezeka kwa kasi. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi za watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Kampeni za kisomo cha watu wazima na elimu ya msingi kwa wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974, zilibadilisha hali hiyo kiasi kwamba kufikia 1986 takwimu rasmi zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia kumi. Takwimu hizo zinaweza kuwa zilipambwa kidogo, kama takwimu za kampeni zinavyopambwa kwingineko duniani. Lakini hata zikipunguzwa, zinaonyesha kwamba palizaliwa kizazi kizima cha watu waliotoka darasani na kijitabu cha kisomo na kukosa kitu cha kusoma, na kitu chepesi kuliko vyote kilikuwa kisa cha picha.

Aliyelitambua pengo hilo si serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha jarida la Sani, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa majina ya hao wawili, na ndani yake kijana Philip Ndunguru akawachora wahusika ambao majina yao yaliingia katika mazungumzo ya mitaani: Kipepe, Lodilofa na Ndumilakuwili. Ndunguru alizaliwa mwaka 1962 na kufariki mwaka 1986, yaani hakufika hata umri wa miaka 25. Hakupatikana kwa cheti. Vyuo vilivyofundisha sanaa, kama idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikofundisha Sam Ntiro, vililea wachoraji wa rangi, wachongaji na walimu, na hadithi ya picha ilionekana huko kama mchezo wa watoto. Mhariri wa jarida alimpata mchoraji wake kwa kumwona anachora, akampa ukurasa, na kuusubiri mwezi unaofuata.

Hapa inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu vifaa ndivyo vilivyoamua kipimo. Ukurasa ulichorwa kwanza kwa penseli, ukagawanywa visanduku, kisha mistari ikapitiwa kwa wino mweusi, na maneno yakaandikwa kwa mkono ndani ya viputo, yaani vile viduara vyenye mkia unaoelekea kinywani mwa msemaji. Kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ni laini na hufyonza wino, vivuli vya mistari myembamba iliyosongamana hugeuka doa jeusi mtamboni, na miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nchi ilipokuwa katika uhaba wa fedha za kigeni na wa karibu kila bidhaa, karatasi nzuri haikuwa kitu cha kuchagua. Mchoraji bora wa jarida alikuwa yule aliyejua kuacha weupe: mstari mnene wa nje, macho makubwa, mandhari ya mlango mmoja au mti mmoja, na herufi kubwa ambazo mtu aliyeshika nakala iliyopita mikononi mwa watu wengi bado angeweza kuzisoma. Mwenye kipaji cha kivuli na nyuzi za nywele alishindwa katika jaribio hilo bila kosa lake.

Kifo cha Ndunguru ndicho kilichofichua kipimo ambacho hakikuwa kimeandikwa popote. Jarida halikuwazika wahusika wake pamoja naye. Wachoraji wengine, miongoni mwao John Kaduma, waliwapokea na kuendelea. Mchoraji anayerithi mhusika hupewa mtihani ambao mwanzilishi hakuufanya, kwa kuwa mwanzilishi akikosea pua ya Kipepe, hiyo inakuwa pua mpya ya Kipepe, lakini mrithi akikosea, msomaji husema huyu si Kipepe. Mrithi hutazamwa katika mambo madogo: umbo la kichwa likionekana kwa nyuma, kwa sababu hapo hakuna uso wa kusaidia, namna mhusika anavyoinama anapoomba na anavyosimama anapodanganya, urefu wake akisimama karibu na mtu mwingine, na mikono, ambayo humsaliti mchoraji dhaifu kuliko kiungo kingine chochote. Wachapishaji wengi wa riwaya za picha leo huomba mchoro wa mhusika mmoja katika pembe nyingi na hisia nyingi kabla ya kusaini mkataba, na huliona jambo hilo kama utaalamu wa kisasa, ilhali wasomaji wa Sani walikuwa wakilifanya bila malipo tangu miaka ya 1980.

Mageuzi ya siasa ya 1992 na wingi wa magazeti binafsi uliofuata yaliongeza kurasa kuliko yalivyoongeza wachoraji. James Gayo alimleta mhusika Kingo, Masoud Kipanya akajulikana kwa kale kapanya kake pembeni mwa mchoro, na vijana wengi waliojifunza kwa kunakili Sani wakapata nafasi. Nafasi hizo, hata hivyo, zilikuwa za katuni ya siku, yaani mchoro mmoja unaotoa hoja juu ya habari ya jana, na ustadi wa aina hiyo haumwandai mtu kwa kitabu. Anayechora katuni ya siku hushinda kwa wazo moja na kulala. Anayechora kitabu hulazimika kumtunza mtu yule yule, nyumba ile ile na mwanga ule ule katika mamia ya visanduku, mara nyingi bila kujua kama kuna atakayekinunua. Kuwachanganya wachoraji wa aina hizi mbili ni kosa la kawaida la watafutaji, na limeharibu miradi mingi zaidi kuliko ukosefu wa vipaji.

Nairobi ndiko hatua ya kitabu ilikochukuliwa kwa uwazi zaidi. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walikuwa wameanzisha jarida la Joe mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 Hirst akatoa mfululizo wa Pichadithi, visa vya mapokeo vilivyochorwa kama vitabu vyembamba, ambamo Frank Odoi, Mghana aliyeishi Kenya, pia alifanya kazi. Mwaka 1996 Lila Luce alianzisha kampuni ya Sasa Sema kwa nia ya kuchapisha vitabu vya picha vya waandishi na wachoraji wa Afrika Mashariki, na kati ya vitabu vyake vya mwanzo kilikuwa Abunuwasi cha Gado, kwa Kiswahili. Godfrey Mwampembwa, ambalo ndilo jina la Gado, ni Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akachorea magazeti ya nyumbani tangu akiwa kijana, akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, na mwaka 1992 akaondoka kwenda kuajiriwa na gazeti la Nation jijini Nairobi. Chaguo la Abunuwasi lilikuwa la busara ya mchapishaji: msomaji wa pwani na wa bara alikwisha kukijua kisa, kwa hiyo kilichokuwa kikipimwa ni mchoraji peke yake. Katika jaribio la kwanza la mchoraji asiyewahi kufanya kitabu, kisa kinachojulikana humwondolea mhariri utata wa kutojua kama kilichochosha ni maneno au ni mkono.

Tanzania ilichukua njia nyingine, ya semina na ufadhili. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwafunza waandishi pamoja na wachoraji na kuwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala ingenunuliwa na kupelekwa shuleni, na mwaka 1999 likaanza jarida la Femina, ambalo baadaye likawa Fema na kusambazwa katika shule za sekondari nchini likiwa na visa vya picha kuhusu ujana, mapenzi na Ukimwi. Wakati huo huo Mfini Leif Packalén na wenzake wa Tanzania walieneza aina ya katuni ambayo ilikwepa kabisa swali la mchoraji: wanakijiji wenyewe, wengi wao wasiowahi kujiita wachoraji, walichora kisa cha visanduku vinne kwenye karatasi mbili zilizounganishwa, wakakitoa fotokopi na kukibandika ukutani. Kabla ya kunakiliwa, rasimu ilionyeshwa kwa watu wa mahali pale ili waseme wanaona nini. Mtu anayependa michoro mizuri huona mabango hayo kuwa ghafi. Lakini katika tendo hilo dogo la kuuliza mmeona nini, kipimo kilichokuwa kimejificha katika mauzo ya Sani kiliwekwa mezani kwa mara ya kwanza.

Njia ya tatu ilitoka tena Kenya. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na baadaye kuvuka mpaka kuingia Tanzania, liliandaliwa na timu ambamo kuandika kisa, kuchora, kupaka rangi na kupanga maneno viligawanywa kwa watu mbalimbali. Katika mpango huo mhariri hamtafuti tena mtu mmoja mwenye kila kitu, ila anatafuta watu ambao mikono yao inaweza kukaa pamoja katika ukurasa mmoja pasipo msomaji kuona mshono; na mchoraji mwenye mkono wa kipekee sana, ambaye gazetini angekuwa nyota, hapo huweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Yote hayo yakirudishwa Kibaoni, yanapata ukali wake. Mpimbwe ina visa vinavyodai kuchorwa. Katavi, ambaye mkoa na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974 vimepewa jina lake, husimuliwa kuwa mzimu wa mwindaji mashuhuri unaokaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu huacha sadaka. Kuna Wapimbwe wenyeji, kuna Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao katika miongo ya karibuni, na upande wa Mpanda kuna Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1973 na 1978 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia. Mchoraji wa Dar es Salaam anayepewa kisa kama hicho bila kuhimizwa kufika, huwa na mandhari moja ya Afrika ya porini mkononi: nyasi tambarare, mgunga wenye kichwa bapa, jua kubwa nyuma yake. Hiyo ni Serengeti ya kalenda. Sehemu kubwa ya Katavi ni miombo, misitu ya miti ya wastani ambayo majani yake machanga huwa mekundu kabla ya mvua, yenye mbuga za maji zilizopasua katikati, na wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua hadi viboko wanabanana kwa mamia katika dimbwi la tope. Mkwaju nao una majani madogo yaliyopangika pande mbili za kikonyo na matunda marefu yanayoning'inia. Ukichorwa kama mgunga, msomaji wa Kibaoni amekwisha kuacha kuamini kabla mzimu haujatokea.

Kwa sababu hiyo kurasa za jaribio za kisa cha Mpimbwe zisingefaa kuwa za mapigano wala za mzimu wenyewe, ambazo kila kijana aliyekua na filamu za Japani na Marekani anaweza kuzichora vizuri kwa kukariri. Ukurasa unaofichua ni ule wa mambo ya kawaida: mzee na kijana wameketi, wanazungumza, mmoja anasimama kuchukua jembe na kutoka. Hapo huonekana kama mchoraji anajua jembe linavyobebwa begani, kama kijana anamtazama mzee usoni au anainamisha macho, kama viputo vimepangwa ili maneno ya kwanza yasomwe kwanza, na kama mzee wa kisanduku cha sita ndiye wa kisanduku cha kwanza. Malipo ya ukurasa huo yanapaswa kutolewa hata kama mchoraji hatachaguliwa. Desturi ya kuomba majaribio ya bure imewafanya wachoraji wazuri wengi wakimbilie matangazo ya biashara, ambako mtu hulipwa zaidi kwa mchoro mmoja kuliko kwa sura nzima ya kitabu.

Suala lililoachwa wazi tangu siku za Kipepe ni la umiliki. Wahusika waliohamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine waliishi kwa jina la jarida, si la aliyewabuni, na hilo lilifanyika katika nchi ambayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoipa msingi COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilipitishwa mwaka 1999, miaka 13 baada ya Ndunguru kufariki. Sheria hiyo inamtambulia mtunzi haki za kiuchumi, yaani mapato yatokanayo na kazi, na haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Mkataba wa leo kati ya mwandishi na mchoraji wa riwaya ya picha unaweza kuamua mapema nani anabaki na sura ya mhusika endapo mchoraji ataugua, atahama au atafariki kabla ya kitabu cha pili, na mchoraji anayeuliza swali hilo kabla ya kushika penseli kwa kawaida ndiye anayekusudia kukifikia kitabu cha pili.